Presha ya macho: Dawa ipo, lakini wagonjwa wengi huiacha njiani

KILA mwezi wa Machi, ulimwengu unapoadhimisha wiki ya glakoma, hospitali kadhaa huwaalika wananchi kupimwa macho. Miongoni mwa wanaojitokeza hawakosekani watu ambao hawakujua kuwa tayari wameanza kupoteza uwezo wa kuona.

Wengi wa wanaogunduliwa kuwa na ugonjwa huo huandikiwa dawa ya matone na kurejea nyumbani na chupa ndogo isiyojaza kiganja. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: chupa hiyo ikiisha, nani atahakikisha kwamba nyingine imepatikana?

Swali hilo ni zito kwa sababu glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ndiyo inayoongoza duniani miongoni mwa maradhi yanayoleta upofu usioweza kurekebishwa. Aliyepofushwa na mtoto wa jicho aghalabu hufanyiwa upasuaji akaona tena. Aliyepofushwa na glakoma hana matumaini hayo.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji maalumu, ambayo si machozi, na ambayo hutoka kupitia njia nyembamba mfano wa chujio. Maji yanaposhindwa kutoka ipasavyo, shinikizo hupanda.

Kwa watu wengi, shinikizo la kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Likizidi kiwango ambacho jicho la mtu linaweza kustahimili, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa polepole.

Katika aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi barani Afrika, mgonjwa hahisi maumivu. Hasara huanzia pembezoni mwa macho, hivyo huendelea kusoma gazeti na kutambua nyuso za watu huku eneo analoliona likizidi kupungua. Anapogutuka, sehemu kubwa ya mshipa huo huwa imeshaharibika.

Watu wenye asili ya Kiafrika wamo katika hatari kubwa zaidi, na kwao ugonjwa huelekea kuanza mapema na kuwa mkali. Aliye na mzazi au ndugu wa toka nitoke mwenye glakoma ana sababu zaidi ya kupimwa, hasa anapovuka umri wa miaka 40.

Jina la presha nalo limezua mkanganyiko. Mwaka wa 2023, serikali ilipowatuma nyanjani wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, vifaa walivyopewa vilijumuisha mashine ya kupima presha ya damu. Mwananchi aliyeambiwa mlangoni pake kuwa presha yake ni nzuri anaweza kudhani kuwa hata macho yako salama. Ukweli ni kwamba hivyo ni vipimo viwili tofauti, na cha macho huhitaji mtaalamu na kifaa chake.

Dawa inafanya kazi

Kuhusu iwapo dawa ya matone husaidia, jibu lilipatikana zamani. Timolol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1978, hupunguza kiasi cha maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Latanoprost, iliyofuata mwaka wa 1996, hufungua njia ya maji hayo kutoka na hutiwa mara moja tu kwa siku, aghalabu jioni. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2002 uliwafuatilia watu 1,636 waliokuwa na shinikizo la juu lakini ambao macho yao yalikuwa hayajaharibika. Baada ya miaka mitano, asilimia 9.5 ya wale ambao hawakupewa dawa walikuwa wamepata glakoma, ikilinganishwa na asilimia 4.4 ya waliotumia matone.

Miongoni mwa washiriki wenye asili ya Kiafrika, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2004 yalionyesha asilimia 16.1 dhidi ya 8.4. Kwa maneno mengine, hatari ilikuwa kubwa zaidi kwao, na matone yaliipunguza takriban kwa nusu.

Kwa nini basi wagonjwa huiacha? Sababu ya kwanza imo katika dawa yenyewe. Anayemeza dawa ya maumivu hupata nafuu akaamini. Anayetia matone ya glakoma haoni vizuri zaidi ya alivyoona jana, kwa sababu kazi ya dawa ni kulinda kilichosalia. Pasipo mtu wa kumweleza hayo kwa lugha anayoielewa, mgonjwa huhitimisha kwamba amelaghaiwa.

Isitoshe, dawa ina madhara yake. Latanoprost huweza kuyafanya macho yawe mekundu na kope zirefuke. Timolol huweza kupunguza mapigo ya moyo na kumletea mwenye pumu shida kubwa ya kupumua. Ndiyo maana haifai kuazimwa kwa jirani, na daktari hana budi kuuliza kuhusu kifua na moyo kabla ya kuiandika.

Utiaji nao una ufundi wake. Jicho hutosheka na tone moja. La pili hutiririka shavuni na kumaliza chupa kabla ya wakati. Mgonjwa hushauriwa kuvuta kope ya chini, atie tone bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha afumbe jicho na kubana pembe iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremkie kooni. Mwenye dawa mbili husubiri angalau dakika tano kati ya moja na nyingine. Mikono ya mzee inapotetemeka, maelekezo hayo humhusu pia mjukuu anayemsaidia.

Kuna hatari nyingine inayotoka katika maduka ya dawa. Baadhi ya matone yanayotumiwa kutuliza macho yanayowasha huwa na steroidi, ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo na kusababisha glakoma, hata kwa watoto. Mzazi anayenunua chupa ileile kila mwezi bila agizo la daktari huenda anatibu mwasho na kuliharibu jicho.

Bei ya uaminifu

Hata hivyo, mgonjwa aliyeelewa yote hayo bado anakabiliwa na kikwazo cha fedha. Chupa moja hutumika takriban mwezi mmoja, na matibabu ni ya maisha. Gharama hiyo hushindana na karo, kodi ya nyumba na unga. Kwa kuwa jicho halilii, ndilo linalosubirishwa.

Aidha, bei ya dawa ni sehemu tu ya gharama. Mgonjwa hulazimika kurudi kupimwa shinikizo, ilhali madaktari bingwa wa macho hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Mkulima hupoteza siku nzima ya kazi na nauli, wakati mwingine ya watu wawili, ili kuthibitisha kuwa dawa asiyoihisi inafanya kazi.

Huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Sheria iliyoiunda ilianzisha hazina tatu, mojawapo ikiwa ya dharura, maradhi sugu na mahututi. Mjadala kuhusu maradhi sugu umetawaliwa na saratani, figo, kisukari na presha ya damu. Glakoma ina kila sifa ya ugonjwa sugu, lakini ni nadra kutajwa.

Jirani wa kusini ametoa funzo ambalo Kenya haipaswi kulipuuza. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti walilinganisha matone ya timolol na tiba ya miale ya leza inayosaidia maji kutoka ndani ya jicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yale yaliyotiwa timolol.

Uingereza nayo, kufuatia utafiti wake wa mwaka wa 2019, ilibadilisha mwongozo mnamo 2022 na kupendekeza leza iwe tiba ya kwanza kwa wagonjwa wengi wapya.

Hilo halimaanishi kwamba chupa itupwe. Mashine ya leza ni ghali, nguvu ya tiba hiyo hupungua kadiri miaka inavyosonga, na wapo wagonjwa wanaohitaji matone au upasuaji hata baada yake. Tena, anayetumia matone hapaswi kuyaacha kwa sababu amesoma habari za leza. Uamuzi huo ni wake pamoja na daktari wake.

Funzo lenyewe ni kwamba tiba hupimwa kwa uwezo wa mgonjwa kuifuata. Kaunti inayopanga kambi ya kupima macho yafaa iwe imeshapanga bajeti ya matone ya mwaka mzima, siku za kurudi na njia ya kumfikisha mgonjwa penye leza. Vinginevyo, itakuwa imempa mwananchi habari mbaya na kumwachia mzigo aubebe peke yake.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika glakoma, onyo hilo ni kali zaidi, kwa maana ukuta ukishabomoka hakuna fundi awezaye kuujenga upya.