Mchezo Usiodanganya

Nina miaka 48, nina mke na watoto, nalipa kodi ya nyumba, na ninacheza michezo ya video. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asije akadhani nitajificha nyuma ya watoto wangu, kama wafanyavyo wanaume wengi wa rika langu, ambao ukiwafuma wameshika pedi ya gemu husema walikuwa wanamwelekeza mtoto tu. Mimi sikuwa namwelekeza mtu. Nilikuwa nacheza.

Barazani kwetu, hapa Tanga, yupo mzee mmoja ninayemheshimu sana. Kwa bao hana mfano mtaa mzima. Kila nikimpa shikamoo huitikia marahaba, kisha huongeza: "Na vile vikatuni vyako bado hujaviacha, mwanangu?" Yeye hukaa kwenye bao tangu alasiri hadi maghribi, na sijapata kumsikia mtu akimwambia kuwa anapoteza umri wake. Wala mimi simwambii, kwa sababu naamini hapotezi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na zote zinajulikana tangu mwanzo. Hakuna kete iliyofichwa, hakuna bahati nasibu, na hakuna mtu anayepita kukuuzia kete ya 65. Ukifungwa, umefungwa na kichwa cha mwenzako. Basi nami michezo yangu yote naipima kwa kipimo hicho hicho cha mzee: je, mchezo huu unanidanganya? Maana mchezo wowote utakuchukulia muda wako. Huo ndio ujira wake. Ninachouliza ni kama ulinieleza bei kabla sijakaa.

Nilianza na kile kimashine kidogo cha mkononi chenye matofali meusi kwenye kioo cha kijivujivu, ambacho katika miaka ya tisini kilizagaa kila duka la vifaa vya umeme. Hatukujua jina la mchezo wenyewe, tuliuita matofali. Baadaye sana ndipo nikajua kuwa ulikuwa ni mwigo wa Tetris, mchezo uliobuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Akademia ya Sayansi mjini Moscow, na kwamba kwa miaka mingi mchezo ulizunguka dunia nzima huku yeye mwenyewe hapati mrabaha, mpaka haki zake ziliporejea mikononi mwake mwaka 1996. Maumbo ni saba tu, kila moja lina viboksi vinne. Yanaanguka, unayapanga, yanaongeza kasi, unashindwa. Hakuna hadithi wala zawadi. Tangu siku ya kwanza Tetris inakuambia wazi kwamba mwisho wako ni kushindwa, na hilo ndilo linaloufanya uwe mchezo wa kweli kuliko yote niliyopata kuicheza. Mnamo Desemba 2023 kijana wa miaka 13 huko Oklahoma, Marekani, aliucheza ule wa mashine ya zamani ya Nintendo mpaka akafika hatua ya 157, na hapo mchezo wenyewe ukaganda. Ulikuwa umeishi zaidi ya miaka 30 bila mtu kuufikisha hapo kwa mikono yake. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kana kwamba ni mtoto wa ndugu yangu.

Kisha vikaja vibanda. Sisi wa Bara hatukuwa na vituo vya televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo runinga ilikuwa chombo cha kutazamia mikanda ya video, kwa hiyo kuona picha ndani ya kioo ikikutii vidole vyako kulikuwa ni jambo la kutisha kidogo. Katika kibanda tulichokizoea sheria ilikuwa moja: mshindi habanduki, mshindwa anatoa hela na kumpisha mwingine. Street Fighter II, ya mwaka 1991, ilinifundisha unyenyekevu kwa njia hiyo. Nilikuwa nalipa, napigwa, natoka, tena na mtoto wa darasa la tano.

Halafu Winning Eleven. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwani mapenzi yangu yako hapa. Mchezo huu wa mpira wa kampuni ya Konami ulikosa haki za kutumia majina ya klabu nyingi, hivyo Liverpool ikaitwa Merseyside Red na Chelsea ikaitwa London FC. Hata Roberto Carlos aliwahi kuandikwa Larcos. Hakuna aliyejali. Mpira ulikuwa na uzito. Pasi mbaya ilikuwa mbaya kwa sababu wewe uliielekeza vibaya. Wenzao wa FIFA, walioanza mwaka 1993, walikuwa na majina yote, jezi zote na nembo zote, lakini kwa miaka mingi wachezaji wao walikimbia kama waliovaa viatu vya magurudumu. Vijana wa leo watabisha, na wabishe. Nilivicheza vyote viwili, tena kwa hela yangu.

Kuhusu Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 nitasema machache, kwa kuwa imekwisha kuhubiriwa vya kutosha. Si mchezo wa watoto, na mzazi anayemwachia mtoto wa miaka 9 asilaumu shetani. Lakini ni hadithi ya kijana anayerudi nyumbani kumzika mama yake na kukuta mtaa umeoza na polisi ndio wenye genge. Wanaosema inafundisha wizi wengi wao hawakuucheza hata dakika kumi.

Sasa nije kwenye mchezo ulioniumiza. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom, wale wale wa Street Fighter, walitoa Resident Evil 5. Mchezaji anakuwa askari wa Kimarekani aitwaye Chris Redfield, anayefika mji wa kubuni uitwao Kijuju, Afrika ya Magharibi, ambako wenyeji wameambukizwa vijidudu na kugeuka wanyama. Kelele zilipigwa tangu mwaka 2007 filamu ya tangazo ilipoonyeshwa, watu wakihoji picha ya mzungu akiwamiminia risasi Waafrika kijiji kizima. Watengenezaji walimpa Chris mwenzake wa kike Mwafrika, Sheva. Mimi nitaacha mjadala huo kwa wenye nao. Langu ni dogo zaidi, na labda ni sisi tu wa huku tulioliona. Wale waliogeuka wanyama wanaitwa Majini, na lugha wanayoipigia kelele wakikukimbilia na mapanga ni Kiswahili.

Kiswahili, Afrika ya Magharibi! Ni sawa na kutengeneza mchezo unaotokea Ureno halafu watu wote wazungumze Kirusi. Na hilo jina, Majini: kwetu pwani majini wana koo zao, wana makazi yao, wapo wema na wapo wakorofi, na watu wazima huwataja kwa adabu. Nadhani majini wa Tanga wenyewe wangeudhika kufananishwa na wagonjwa wa vijidudu. Lakini mzaha kando. Mchezaji aliyekaa London au Osaka alisikia makelele tu, kama yalivyokusudiwa. Mimi nilisikia lugha aliyonilelea mama yangu, nikaielewa, nikaipiga risasi, kisha nikapewa pointi. Nilizima mashine usiku ule nikaenda kukaa nje. Huo nao ni udanganyifu, kwani lugha ya watu waliokuwa hai na wanaolipa hela zao kununua mchezo huo ilitumiwa kama mlio wa mnyama, na mtengenezaji alitegemea kwamba hakuna anayesikia. Nakiri pia, maana niliahidi ukweli, kwamba kama mchezo umeundwa vizuri na niliumaliza mara mbili. Sijivunii mara ya pili.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2005, ulitoka Civilization IV, na ukiufungua unapokewa na wimbo "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuipata. Mimi ni Mwislamu na nilisimama kuusikiliza. Hapo ndipo nilipojua kuwa ule ujinga wa Kijuju ulikuwa wa hiari. Mtu anaweza kuiazima lugha ya wengine na kuivika nguo safi. Lakini hata huku nina neno. Ukishausikiliza wimbo na kuingia ndani, huwakuti Waswahili. Na katika toleo la sita, lililoanza mwaka 2016, Zanzibar imo, ila ni dola ndogo ya mji mmoja: kanuni zenyewe haziiruhusu kushinda, na faida yake ni kumpa mdalasini na karafuu mkubwa atakayeipendeza. Nilicheka peke yangu. Huo angalau si uongo sana.

Yote haya ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni neno "bure".

Dada yangu aliniletea mwanawe asome kwangu, kijana wa miaka 14, mpole. Siku moja dada akapiga simu kuuliza hela za tuisheni zimetumikaje mara mbili. Hazikuwa zimekwenda tuisheni. Kijana alipokuwa likizo kwao alikuwa akitumia simu ya mama yake kununua pakiti za wachezaji katika mchezo mmoja wa mpira wa bure, wa simu. Shilingi 70,000, kidogo kidogo, ndani ya wiki tatu. Unanunua pakiti bila kujua ndani yumo nani. Waweza kumpata mshambuliaji mashuhuri, waweza kupata beki usiyemjua, na mara nyingi ni huyo beki. Nilimkalisha chini, sikumgombeza. Akaniambia: "Mjomba, nilikuwa nimekaribia kumpata."

Hakuwa amekaribia. Pakiti ya 30 haijui kuwa kulikuwa na pakiti 29 kabla yake. Sentensi ile niliwahi kuisikia kwa watu wazima waliouza mabati ya nyumba zao kwa kamari, na sasa naisikia kwa mtoto ambaye hajaota ndevu, kwenye kitu kilichoandikwa kuwa ni mchezo.

Nitajibiwa: halazimishwi mtu. Kweli? Tazama Candy Crush ya mwaka 2012. Una uhai mara tano. Ukiisha, unangoja dakika 30 urudishiwe mmoja, ama unalipa. Kungoja huko hakukuanguka kutoka mbinguni. Mtu amekaa mezani akautengeneza ugonjwa, na dawa anaiuza yeye yeye. Nitajibiwa tena kwamba hata mashine za sarafu za zamani ziliundwa zimeze sarafu, na hilo nakubali, lakini bei ilikuwa imeandikwa ubavuni, na mtoto hodari aliweza kukaa jioni nzima kwa sarafu moja. Uhodari ulikuwa na thamani. Kwenye pakiti, uhodari haununui kitu.

Wala si mimi peke yangu. FIFA ilianza biashara hii ya pakiti mwaka 2009, katika sehemu yake iitwayo Ultimate Team. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa Ubelgiji walisema masanduku ya bahati ya kulipiwa ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ikaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti. Uholanzi nao walijaribu, lakini mwaka 2022 mahakama ikatengua faini. Na Winning Eleven yangu? Mwaka 2021 Konami waliubadili jina ukawa eFootball, wakaugawa bure, na ulitoka umeharibika kiasi kwamba nyuso za wachezaji zilipinda na kampuni ikaomba radhi hadharani. Bure hiyo.

Namba ya siri ya simu ya dada imebadilishwa. Mimi nimetoa mashine yangu ya zamani uvunguni, nikaifuta vumbi, na jioni tunacheza mpira wa majina ya uongo. Juzi mpwa wangu alinifunga tatu kwa moja. Nilisema pedi yangu kitufe cha pasi kimelegea. Tulibadilishana pedi, akanifunga nne.