Busta haiongezi intaneti!

Juzi nilipanda matatu kutoka Embu kwenda Meru kumwona mjomba wangu, Makutano. Amelipia megabiti 10 kwa sekunde, lakini video zinakwama. Muuzaji mmoja akamwuzia busta ya shilingi 4,500 na kumwahidi kasi mara tatu. Taa nne za kijani zikawaka. Video zikaendelea kukwama.

Ndugu zangu, huu ni ulaghai. Hapa Embu nako wapo wanaouza ahadi hiyo hiyo.

Kampuni ndiyo inayoweka kikomo cha kifurushi chako, upande wake. Funga ruta moja, funga tano, 10 itabaki 10. Ukinunua mitungi zaidi, bomba la maji halipanuki. Tena busta nyingi za bei rahisi hupokea na kurusha kwa redio ile ile moja, kwa hiyo kasi yake inaweza kushuka hadi karibu nusu. Unalipa ili upunguziwe!

Na kuna shida zilizo mbali na sebule yako. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Busta ya Embu ingefanya nini chini ya Bahari Hindi?

Sisemi vifaa havina kazi kabisa. Kuta za mawe hudhoofisha mawimbi, na chumba cha nyuma kikakosa waifai. Hapo shida ni waifai, si intaneti. Hamishia ruta katikati ya nyumba. Isipotosha, vuta waya hadi kifaa cha pili.

Utajuaje? Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, ondoa vifaa vingine vyote, pima kasi. Ukipata ulicholipia na bado hakitoshi, ongeza kifurushi. Ukipata pungufu, pigia kampuni simu. Waya ukiwa sawa na chumbani pabaya, hapo ndipo ufikirie kifaa.

Kwa mjomba waya ulitoa 3. Akapiga simu, fundi wa kampuni akapanda juu ya paa na kukuta antena imegeuzwa na upepo. Akainyoosha bila malipo, 10 zikarudi.

Muuzaji wa busta? Amekataa kurudisha pesa. Mzee wa watu amepoteza shilingi 4,500 kwa taa nne za kijani.

Pima kwanza. Kununua baadaye.