Awasi, Tuandike Safari za Watu Wetu

Ndugu zangu wa Awasi, Ahero, Chemelil na bonde zima la Kano, mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza kutoka Uganda Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Waluo. Walikuwa watu wa reli, vibarua wa viwanda na mashamba ya miwa, wapishi wa majumbani Kampala na Jinja. Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin miaka miwili baadaye wanajulikana dunia nzima. Hawa wa kwetu hata wajukuu wao hawajui habari zao. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo leo amepita 75. Jumamosi baada ya Jumamosi tunawazika, na katika wasifu unaosomwa mbele ya jeneza husikika sentensi moja tu: alifanya kazi Uganda, akarudi nyumbani. Alirudije? Aliacha nini? Hakuna aliyeuliza.

Hao ndio wa kwanza. Oktoba 1991 moto wa mapigano ya kikabila uliwaka Miteitei, huko Nandi, ukafika hadi mipakani mwetu, na familia za Songhor na Koru zikateremka huku bondeni. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008. Mabasi na malori yalipita katika barabara hii yetu yakiwaleta watu kutoka Naivasha, Nakuru na Limuru. Nchi nzima walihamishwa zaidi ya watu 600,000, na zaidi ya 300,000 kati yao hawakukaa kambini. Walipokewa na jamaa. Wetu wengi walikuwa katika kundi hilo: mama na watoto wanne kwenye mkeka jikoni kwa shangazi, bila hema, bila mwandishi wa habari mlangoni.

Ninaomba vijana wetu waifanye kazi ya kuziandika safari hizi, na sisi watu wazima tuwafungulie milango. Kijana aliyezaliwa 2009 hakuona lolote kati ya hayo, lakini anaishi katika boma lililojengwa nayo. Likizo za Aprili na Agosti zinatosha kuanzia. Waende wawili wawili, mmoja akiuliza, mwingine akiandika, simu ikirekodi baada ya mwenyewe kukubali. Mzee aongee Kijaluo chake bila kusahihishwa. Wasimuulize aliteseka vipi, kwani jibu lake wameshalisikia redioni. Wamuulize asubuhi ile kulikuwa na nini jikoni; alibeba nini na aliacha nini; nauli ililipwa na nani; usiku wa kwanza alilala kwa nani, na alikaa huko hadi lini. Kutoka hapo mazungumzo yataenda yenyewe.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Yako mambo yaliyowapata akina mama mwaka 2008 ambayo mtoto wa sekondari hapaswi kuyachokonoa. Mahojiano ya namna hiyo yafanywe na mwanamke mtu mzima anayeaminika kijijini, na anayekataa kuzungumza aachwe kwa heshima.

Pia tusiandike nusu. Mwaka huohuo wa 2008 Wakikuyu waliokuwa wakifanya biashara Kisumu walichomewa maduka, wakakimbilia vituo vya polisi. Waliowafukuza ni watu wetu. Ninajua hili linauma kulisema hadharani, lakini kijana atakayesikiliza maumivu ya boma lake peke yake atatoka na kinyongo, na kinyongo tunacho cha kutosha. Kwa hiyo walimu wa historia wa Kano wawatafute wenzao wa jirani zetu Kericho na Nandi, wanafunzi wa pande zote waulize maswali yaleyale, kisha wakae wasomeane majibu.

Machifu, tupeni nafasi katika baraza lijalo tuwaeleze wazazi. Wachungaji, tangazeni kanisani. Wakuu wa shule, tengeni kabati moja la maktaba kwa daftari za mahojiano haya, na nakala zipelekwe Makumbusho ya Kisumu. Wenye simu nzuri, waazimeni vijana mchana mmoja. Na mwenye kitambulisho cha kazi cha zamani, barua, tiketi ya gari moshi au beji ya shamba la maua la Naivasha aje nayo shuleni. Itapigwa picha mbele yake, jina lake liandikwe, na arudishiwe papo hapo.