FULANA YA MBIO SI BANGO LA BIASHARA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mimi leo nitaongeza kidogo, nao wanisamehe: hata ile ya kupewa haisitiri kama haikupimwa. Nasema hivi kwa sababu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni zile fulana tunazogawiwa kwenye mashindano ya mbio. Nimeshika kalamu kulieleza, kwa sababu hivi karibuni kamati yetu ya michezo itaagiza fulana za mbio zetu za kuchangia mfuko wa karo. Heri tuseme mapema kuliko kulia baadaye.

Sisi wakaazi wa Eldoret hatuhitaji kufundishwa mbio ni nini. Alfajiri ukitoka kwenda shule unapishana na wanariadha kabla hujapishana na matatu ya kwanza. Mbio za hisani nazo ni nyingi, na kila mbio huja na fulana zake. Tazama mitaani: muuza nyama amevaa moja, makanga amevaa moja, na hata mwalimu Jumamosi akienda sokoni amevaa moja! Lakini hebu jiulizeni, ni wangapi kati ya hao mliowaona wakikimbia wakiwa wamezivaa? Wachache sana. Huko nyumbani nyingi zimegeuka kuwa nguo za kulalia, na nyingine ni matambara ya kupigia deki. Nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mbio, kisha ikashindwa kukimbia, ina kasoro.

Nitawasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka jana wanafunzi kadhaa wa shule hii tulijiandikisha katika mbio fulani za kilomita 10. Sitazitaja jina, maana nia yangu si kumchafulia mtu sifa. Kila mmoja alilipa shilingi 500, tukaahidiwa fulana na maji ya kunywa. Tena kulikuwa na zawadi ya kumeza mate: wasichana watano wa kwanza miongoni mwa wanafunzi wangelipiwa karo ya muhula mmoja, na wavulana watano vilevile. Mwenzangu wa dawati alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi, kwa sababu karo kwao ilikuwa shida ya kweli.

Siku ilipofika tulifika uwanjani saa kumi na mbili unusu. Saizi ndogo zote zilikuwa zimekwisha. Mwenzangu, ambaye ni mwembamba kweli kweli, akapewa L. Fulana ilimfika karibu na magoti. Alipouliza kama anaweza kukimbia na nguo yake aliyoizoea, aliyekuwa akigawa alimjibu, "Vaa tu, msichana. Si ni ya siku moja? Bila fulana ya wadhamini huruhusiwi kusimama kwenye mstari." Basi tukaikunja nyuma, tukaibana kwa pini mbili, tukamwombea Mungu.

Ilikuwa fulana ya pamba nzito, na kifuani ilipigwa chapa kubwa ya rangi ya mpira iliyoenea kutoka ubavu hadi ubavu. Kilomita za mwanzo hazikuwa na neno kwa sababu kulikuwa na baridi. Jua lilipochomoza, mambo yaligeuka. Fulana ililowa jasho, ikawa nzito, ikaanza kumpiga mapajani kama taulo iliyotoka kwenye beseni. Pini moja ikafunguka ikamchoma mgongoni. Alimaliza wa saba. Alipovua nguo ile, makwapa yalikuwa yamechubuka hata akashindwa kuteremsha mikono.

Sitadanganya kwamba ni fulana peke yake iliyomnyima ile zawadi. Waliomtangulia walikuwa na mbio, na mshindi ni haki yake. Lakini kati yake na yule wa tano palikuwa na hatua chache tu, hata ukirusha jiwe lingefika. Muhula uliofuata alirudishwa nyumbani mara mbili kuleta karo. Tangu siku hiyo sijaweza kuiona fulana ya mbio kama kitu cha mzaha.

Kwa hiyo niliamua kuchunguza. Nilikusanya fulana tatu. Ya kwanza ni ile ya pamba niliyopewa mimi siku hiyohiyo. Ya pili ni ya kaka yangu, aliyoipata katika mbio za kilomita 21, nayo ni ya poliesta. Ya tatu mama aliinunua kwa wauza mitumba kwa shilingi 100. Ina mikono mirefu, na kifuani imeandikwa Boston. Naam, Boston ileile ya Marekani ambako Ibrahim Hussein wa Kenya alishinda mwaka 1988, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, akarudia 1991 na 1992. Na ambako Catherine Ndereba alishinda mara nne kati ya 2000 na 2005. Fulana hiyo imevuka bahari ikafika kwetu kwa njia ya mitumba. Dunia ni duara!

Kwa ruhusa ya mwalimu wa Fizikia nilizipima zile mbili za mikono mifupi kwenye mizani ya maabara. Ya pamba ikiwa kavu ilikuwa na takribani gramu 200, na ya poliesta 130. Nikazilowesha zote, nikazikamua kwa nguvu zangu zote, nikazipima tena. Ya pamba ilikaribia gramu 400, yaani imejibeba yenyewe mara mbili. Ya poliesta haikufika 200. Nilipozianika kivulini, ya poliesta ilikauka kabla ya chakula cha mchana, lakini ya pamba ilikuwa bado mbichi wakati wa kengele ya kwenda nyumbani.

Sababu yake si uchawi. Uzi wa pamba hunywa maji. Hata ukikaa tu katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Jasho likiingia kwenye fulana ya poliesta hutambaa juu ya nyuzi, likaenea na kupeperuka. Likiingia kwenye pamba huzama ndani ya nyuzi zenyewe na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga.

Lakini ngoja kwanza, msikimbilie kusema poliesta ndiyo malkia. Nayo ina ila zake. Kwanza inashika harufu. Ya kaka yangu hata ikifuliwa kwa sabuni ya kipande inakumbuka mbio za mwaka juzi! Pili, poliesta si moja. Ipo iliyofumwa kwa matundu madogo ya kupitisha hewa, na ipo nyingine ya bei ya chini isiyo na tundu, ambayo ukiivaa ni kama umejifunga ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017. Kuitambua ni rahisi: iinue kwenye mwanga. Ukiona vitone vya mwanga, hiyo itakupumzisha. Usipoona kitu, iache dukani. Tatu, poliesta nyeupe nyepesi ikilowa huonyesha kila kitu kilicho chini yake. Wavulana wanaweza kulicheka jambo hili, lakini sisi wasichana tunajua ni wangapi wamejitoa kwenye mbio kwa sababu hiyo na wakasingizia kuumwa na tumbo.

Nikapeleka fulana zote tatu kwa mama fundi wa mtaani kwetu. Alizilaza mezani, akachukua tepu, akapima kutoka kwapa hadi kwapa. Ya kaka imeandikwa M, ikatoa sentimita 50. Fundi akatoa yake ya mbio nyingine za hapa mtaani, nayo imeandikwa M, ikatoa sentimita 56. Herufi moja, tofauti ya vidole vitatu vya mtu mzima, na ukizunguka kifua chote tofauti hiyo inakuwa mara mbili! Akaniambia, "Mwanangu, herufi si kipimo. Kipimo ni tepu."

Akanionyesha pia mishono. Ya kwangu ya pamba ina mshono mnene uliosimama ndani ya kwapa, palepale mkono unaposuguana na mwili maelfu ya mara katika kilomita 10. Ya kaka ina mshono uliolazwa, tena unateremka kimshazari kutoka shingoni hadi kwapani, bila kupita juu ya bega. Ndiyo maana yeye akikimbia haitaji mafuta ya mgando, lakini mimi nilijipaka hadi nikang'aa. Ile ya Boston nayo ilikuwa imekatwa kwa umbo la mwanamke: mabega membamba, kiuno kimeingia kidogo, nyonga zimeachiwa nafasi. Nilipoivaa nilishangaa. Sikuwahi kuvaa fulana ya mbio iliyonijua. Nilimuuliza fundi kwa nini za huku hazikatwi hivyo, wakati tunaambiwa ni za wote. Alicheka, akasema, "Za wote maana yake ni za wanaume."

Sasa fikirini. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ilibishana kuhusu viatu vyake. Mwaka 2020 shirikisho la riadha duniani likaweka kanuni kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40. Kiatu kinapimwa kwa milimita! Fulana je? Sisi tunagawiwa kama mtu anayegawa maharagwe kwa sahani. Tena makocha wote huimba wimbo mmoja: siku ya mashindano usivae kitu kipya. Halafu asubuhi ileile ya mashindano tunalazimishwa kuvaa kitu kipya ambacho hata hatujakijaribu.

Najua wapo watakaosema, "Nyinyi watoto wa siku hizi! Mnapewa cha bure na bado mnachagua." Nawaheshimu, lakini naomba nijibu. Kwanza, si cha bure. Tulilipa shilingi 500, na mzazi wa mwenzangu alizitafuta kwa jasho. Pili, hata mdhamini mwenyewe anapata hasara. Jina lake limeandikwa kifuani ili lisomwe njiani mwaka mzima, siyo lisomwe na sakafu ya jikoni. Fulana inayomkaa mtu vizuri itavaliwa hadi ichakae, na jina litatembea nayo. Wengine watasema fulana nzuri ni ghali. Ni kweli inaweza kuzidi bei. Lakini kupima watu kabla ya kushona hakuna gharama, na kupunguza ile chapa ya mpira hakuongezi bei hata kidogo.

Kwa hivyo, kwa heshima zote, naiomba kamati yetu ya michezo ifikirie haya. Mosi, wiki mbili kabla ya kuagiza, itundikwe ukumbini fulana moja ya kila saizi, kila mtu aijaribu na kuandika jina lake, na orodha iandikwe kwa sentimita. Pili, ziwepo zilizokatwa kwa wasichana, na rangi iwe nzito, ya buluu au ya kijani, isiyoonyesha ikilowa. Tatu, kitambaa kiwe chepesi chenye matundu, na majina ya wafadhili yawe madogo au yakae mgongoni juu. Nne, zigawiwe angalau wiki moja mapema ili mtu azikimbilie mazoezini. Tano, na hili ndilo kubwa, asizuiwe mtu kukimbia kwa sababu ya fulana. Kinachomtambulisha mkimbiaji ni nambari aliyobandika kifuani. Asiyetaka fulana alipe kidogo, akimbie na nguo yake aliyoizoea, na pesa iliyobaki iingie kwenye mfuko wa karo. Si ndiyo sababu ya mbio zenyewe?

Mwenzangu wa dawati bado anaamka saa kumi na moja. Juzi nilimpa ile fulana ya Boston akaijaribu, ikamkaa kama aliyeshonewa. Nimemwachia. Akikimbia mbio zetu mwaka huu akashindwa, na ashindwe na miguu ya wenzake, asishindwe na nguo. Wenye sikio wamesikia.