Mchango wa Mayatima na Hesabu Yake



Tawi letu laombwa tena kuchangia watoto walioachwa na wazazi waliokufa kwa UKIMWI. Baadhi yenu mmenung'unika: "Tulichanga mwaka jana, fedha zilikwenda wapi?" Swali hilo si ubahili. Mtu atoaye jasho lake ana haki ya kuuliza.

Sisi wenyewe tulihudhuria harambee hiyo. Palikuwa na hema, viti vya kukodi, soda na fulana mpya. Watoto walisimamishwa juani mbele ya wageni, waimbe, watu wawaonee huruma. Hesabu ilisomwa mara moja kwa kipaza sauti, na hatukuisikia tena. Nyanya mmoja aliyekuja na wajukuu watatu alirudi kwa miguu kwa kukosa nauli.

Hata hivyo haifai kukunja mikono. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino alianzisha Nyumbani, hapa Nairobi, makao ya mayatima wenye virusi, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa. Makao hayo yaliishi kwa michango. Lakini fedha hazikutosha: ilibidi waende mahakamani, na ni mwaka 2004 tu walipokubaliwa watoto wao katika shule za msingi za serikali. Kumbe mtoto aweza kuwa na sare na kalamu, na bado akafungiwa mlango.

Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure mwaka 2003, na dawa zikawa za bure katika hospitali za serikali mwaka 2006. Lakini nani amlipia nyanya nauli ya kumpeleka mtoto hospitali? Nani anunua unga, maana baadhi ya dawa hizo hazimezeki vizuri na tumbo tupu?

Kwa hiyo twasema hivi. Tusingoje siku ya hema. Kila mwanachama atoe shs. 50/- kila mwezi. Watu mia tu ni shs. 5,000/-, nazo zitalipa nauli, unga na sare za watoto wanaokaa kwa jamaa zao. Risiti zote zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, hata ya shs. 30/-. Ila majina ya watoto yasibandikwe, wala picha zao zisipigwe. Si kila yatima wa UKIMWI ana virusi, na aliye navyo ana haki ya siri yake kwa sheria ya mwaka 2006. (Wale wanaopenda kupigwa picha wakikabidhi magunia, wapigwe wao na magunia.)

Daftari liko kwa karani wa tawi. Asiyeweza shs. 50/- na aandikishe shs. 20/-, hatachekwa. Twataka pia watu wawili wasio wa halmashauri, wajuao hesabu, wakague daftari kila mwisho wa mwezi. Wanaojitolea wamwone karani kabla ya siku ya mshahara.

Mhariri