SIMU MPYA HAILETI MNARA: WATU WA NYOLOLO WANAPIGWA MCHANA KWEUPE!

Leo hakuna ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo ni ubuyu wa simu, na wapo watakaonuna.

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, yule anayebadilisha simu kama anavyobadilisha wigi. Toleo jipya likitoka tu, lazima apige picha mbele ya kioo, simu imefunika nusu ya uso, halafu chini anawananga wenye simu za zamani kwamba ndio maana hawapatikani. Sawa, hela ni yake. Tatizo ile picha haiishii Masaki. Inafika mpaka Nyololo, wilaya ya Mufindi, pale kwenye barabara kuu kati ya Mafinga na Makambako. Huko inamkuta mtu ambaye shida yake ya mtandao ni ya kweli, sio ya kupigia kiki.

Mtu mwenyewe ni binti wa miaka ishirini na kitu, anakusanya viazi mviringo kwa wakulima na kuwauzia madalali wa Dar. Biashara yake yote iko kwenye simu. Dalali akipiga asipompata, anampigia mwingine, na fuso linapakia kwa jirani. Akiwa barabarani simu inashika vizuri. Akiacha lami akashuka mashambani, kwenye mabonde na mipaina, vijiti vinakatika kimoja kimoja mpaka inaandika hakuna huduma. Washkaji wakawa wanamcheka, dada nunua simu ya maana bwana! Muuza simu mmoja wa mjini, naye jina kapuni, akamalizia kazi. Akamwambia hii mashine ya Dubai inashika hata ndani ya handaki. Milioni moja na laki mbili. Hela ya kikoba, hela ya mbegu na mbolea, yote ikaingia kwenye simu.

Akashuka nayo bondeni. Hakuna huduma. Ila kamera kali balaa!

Sasa ukweli usemwe, hata kama utawauma wenye maduka. Simu haitengenezi mtandao. Simu ni sikio, mnara ndio mdomo. Kama anayeongea yuko nyuma ya mlima, hata sikio livalishwe hereni ya dhahabu halitasikia kitu. Mawimbi ya simu hayapendi vilima, na miti iliyoloa mvua inayanyonya. Mufindi ina vyote viwili, vilima vya kutosha na msitu wa Sao Hill. Halafu masafa yenyewe hayalingani. Ya chini kama 700 na 800 MHz yanafika mbali na kupenya vizuri, ya juu kama 2600 MHz yana kasi lakini yanachoka mapema. Kwa hiyo mtu anayeuziwa simu kwa sababu ina 5G ajiulize kwanza: hiyo 5G imefika kijijini kwake? Huduma hiyo ilizinduliwa nchini mwaka 2022 na ikaanzia mijini. Kulipia 5G bondeni ambako hata 3G inasuasua ni sawa na kununua mtumbwi Dodoma.

Na vile vijiti juu ya kioo visimdanganye mtu. Mwaka 2010 Apple walitoa iPhone 4, wateja wakalalamika kwamba ukiishika kwa chini upande wa kushoto mtandao unadondoka, kwa sababu antena ilikuwa kwenye fremu ya nje. Katika kujitetea, kampuni ikakiri kwamba hesabu yake ya vijiti ilikosewa, mara nyingi simu ilikuwa inaonyesha vijiti 2 zaidi ya vilivyostahili. Baadaye wakagawa makava ya bure. Hiyo ndiyo simu iliyokuwa inatingisha dunia nzima! Bei haikuizuia kukosea.

Basi kabla mtu hajavunja kikoba, afanye jaribio lisilokula hata shilingi. Achukue laini yake, aiweke kwenye simu ya jirani, wasimame palepale panaposumbua. Simu ya jirani ikigoma pia, simu yake haina kosa. Kisha aweke laini ya kampuni nyingine kwenye simu yake. Ikishika, dawa ni laini ya pili, sio simu ya milioni. Kama laini ni ya zamani sana, kabla ya 4G, aende na kitambulisho akabadilishiwe kwa namba ileile. Akitaka kupiga tu, sio kuperuzi, aingie kwenye mipangilio aiache simu kwenye 3G au 2G, maana simu inayohangaika kutafuta 4G isiyokuwepo inamaliza chaji bure. Na kava la chuma alitoe.

Anayetaka namba kamili badala ya vijiti, simu nyingi za Android zinayo: Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM. Pale kuna namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao ulivyo mzuri. Kwenye -85 hapo poa, kwenye -115 hapo simu inapumulia mashine. Simu mbili, laini moja, sehemu moja. Muuzaji anayeringia simu yake akubali mtihani huo shambani, sio dukani chini ya mnara.

Kuna wakati kubadilisha simu ni haki, tusidanganyane. Jirani anapata 4G palepale na laini ileile, wewe hupati kwa sababu simu yako haina 4G: badilisha. Simu ilianguka kwenye maji na tangu siku hiyo haishiki popote: badilisha, au peleka kwa fundi kwanza. Lakini hata hapo, 4G ya kawaida ya bei ndogo inatosha kupokea dalali. Na ukinunua ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, uliza masafa yake. Tena iPhone za huko kuanzia toleo la 14 hazina hata tundu la laini! Mwingine ananunua, anafika nyumbani anatafuta pa kuchomeka laini kama anayetafuta mlango kwenye ukuta. Feki nazo zipo. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na watu walilia. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, itume kwenda 15090 ujue unanunua nini kabla hela haijatoka mfukoni.

Lakini jambo kubwa lililofichwa na haya maringo yote ni hili: aibu imehamishwa. Mnara haupo, anayeonekana mshamba ni mwenye simu. Bonde zima halishiki, kila mtu anaona haya peke yake, anakwenda kukopa kimyakimya. Wakati Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Maana yake hata serikali inajua tatizo la vijijini ni minara, sio simu za wanavijiji. Watu 50 wa bonde moja wakikusanya milioni moja moja za simu, hiyo ni milioni 50 imeondoka kijijini na mtandao uko vilevile. Watu haohao 50 wakiandika barua moja kwa kampuni yao ya simu, nakala kwa diwani, na wasipojibiwa wakapanda TCRA, gharama yake ni karatasi na nauli.

Mastaa waendelee kupiga picha zao, hakuna aliyewakataza. Ila mtu wa Nyololo anayeshusha mtaji wa viazi kwenye simu ili asichekwe, huyo anapigwa, na wanaomcheka ndio madalali wa kumpiga.

Haya wadau, bonde gani kwenu halishiki, na ni laini gani inayookoa jahazi? Dondosha komenti hapo chini, taja kijiji, usitaje jina la mtu.