Kiongozi asiyekiri kosa hastahili dhamana

Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapofika bungeni, wananchi husikia majibu yale yale. Suala linafanyiwa kazi. Timu imeundwa. Watendaji wa chini watachukuliwa hatua. Jibu ambalo halisikiki ni la mkubwa anayesema: hapa nilikosea mimi, na kosa langu ni hili. Gazeti hili linasema bila kumung'unya maneno kwamba huko ni kushindwa kuongoza, na Watanzania hawana sababu ya kuizoea hali hiyo, maana nchi hii imewahi kuona viongozi wa namna nyingine.

Katikati ya miaka ya 1970 vyombo vya dola viliendesha msako Mwanza na Shinyanga dhidi ya wimbi la mauaji, yakiwamo ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu. Angeweza kumtaja ofisa fulani wa mkoani na hoja yake ingesimama mahakamani. Lakini wizara ilikuwa yake, na waliokufa walikufa chini ya dhamana yake. Akajiuzulu.

Waliodhani amejimaliza hawakuwajua Watanzania. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akarejea, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka uliofuata Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki dunia Februari 2024, kujiuzulu kule kulitajwa tena na tena katika maombolezo. Wapo waliokuwa hawajazaliwa wakati huo, nao walikuwa wakikisimulia kisa hicho kama cha mzee wao wenyewe. Miradi mingapi iliyozinduliwa kwa vifijo inakumbukwa hivyo?

Mwalimu Nyerere naye, akiwa bado madarakani, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Tunaomba msomaji aitazame hatua iliyoambatana na kukiri huko: sheria za mwaka 1982 zilizorudisha vyote viwili. Mkulima wa pamba hakubaki na maneno matupu ya toba. Aliona chama chake kikifufuliwa. Na kule Zambia, mwaka 1987, wakati ukimwi ukisemwa kwa kunong'onezana na familia zikificha sababu za misiba, Rais Kenneth Kaunda alisimama akatangaza kwamba mwanawe aliuawa na ugonjwa huo. Mzazi aliyekuwa akificha aibu ya namna hiyo nyumbani kwake alijua tangu siku ile kwamba hata Ikulu imelia.

Sasa tuangalie tunachokiona leo. Mkuu anafika kijijini na msafara, mradi wa maji umekwama. Mtendaji wa kijiji anaitwa mbele, amekumbatia faili lake, anapewa kipaza sauti kinachotetemeka mkononi, kamera zikiwa hatua mbili kutoka usoni pake. Anaulizwa fedha ziko wapi. Pengine hazikuwahi kufika; pengine zimekwama katika ofisi ya huyo huyo anayemuuliza. Anasimamishwa kazi hapo hapo, watu wanapiga makofi, msafara unaondoka. Bomba linabaki kavu. Na kila mtumishi aliyekuwa pale ameondoka na somo moja: ukiona tatizo, lifiche. Ndivyo hasara ndogo inavyolelewa gizani hadi ikafumuka kwenye ripoti ya ukaguzi ikiwa mabilioni.

Hatuzungumzii machozi ya jukwaani. Kiongozi anayeomba radhi kwa maneno ya jumla, kosa halina jina, aliyeumizwa hatajwi na hakuna kinachorekebishwa, anawapotezea watu muda. Aliyekiri kwelikweli huonekana kwa gharama aliyokubali kuilipa. Waziri wa Miundombinu wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, aliachia ngazi baada ya meli ya MV Skagit kuzama Julai 2012. Hilo lilimgharimu cheo.

Wapo watakaosema kiongozi akikiri udhaifu wapinzani wake watamla mbichi. Wengine watajaribu, ndiyo. Lakini mwananchi anayekunywa maji ya dimbwi anajua tayari kwamba mradi umeshindwa. Asichokijua ni kama mkubwa wake ana ujasiri wa kumtazama machoni na kumwambia ukweli.

Kwa hiyo tunatoa dai letu wazi. Katika Bunge la Bajeti, kila waziri kabla hajaomba shilingi mpya ataje jambo lililoharibika mwaka uliopita kwa uamuzi wake mwenyewe, aseme nani aliumia, na hatua gani imechukuliwa. Atakayesimama na kudai hana hata moja, wabunge wasimpitishie fungu lake hadi atakapojibu.